Nani atamtania mtoto wa mjini?

Mwandishi wa Urusi Kornei Chukovsky alitumia miaka mingi kukusanya maneno ya watoto wadogo, na kitabu chake maarufu juu ya jambo hilo kinawahusu wenye umri wa miaka miwili hadi mitano. Moja ya habari alizosimulia ni ya binti yake mwenyewe, ambaye hata miaka miwili alikuwa hajatimiza, alipomjia na kumtangazia kwamba mbwa analia nyau. Baba alimsahihisha kwanza. Mtoto akarudia yaleyale huku akicheka, na hapo ndipo baba alipotambua kwamba hapakuwa na kosa la kusahihisha: binti alijua vizuri mbwa analiaje, na ndiyo sababu alikuwa anacheka. Baba akaongeza la kwake, kwamba jogoo naye analia nyau, na mtoto akazidi kufurahi. Chukovsky alihitimisha kwamba mtoto hulitania jambo pale tu anapokuwa amelimudu. Asiyejua sauti ya mbwa hawezi kuona kichekesho katika mbwa anayelia kama paka. Ukweli sharti uwe umeshakaa kichwani ndipo uweze kupinduliwa.

Alichokiona Chukovsky ndio msingi wa hoja ninayotaka kuitetea. Nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano haikosi vioja: viatu vya baba vimevaliwa cha kulia kushoto, kanga ya mama imekuwa shela la bibi harusi, sufuria imekuwa kofia ya polisi, na mgeni aliyekuja kwa heshima zake ameulizwa mbele ya watu kwa nini tumbo lake ni kubwa. Wengi wetu huyahesabu haya kuwa kiburudisho cha pembeni, kitu cha kututuliza moyo baada ya kazi halisi ya malezi, yaani kulisha, kuogesha, kuvalisha na kulipa ada. Mimi naona ni sehemu ya kazi yenyewe. Mtoto wa umri huu anachekesha kwa sababu anafikiri. Mtu mzima anayeujibu mzaha wake anamsaidia kufikiri zaidi. Na katika miji yetu ya leo kazi hiyo haina mwenyewe mpaka mzazi aishike.

Tuchukue mchezo wa kujificha, ambao Tanzania unajulikana kama kombolela na Kenya kama brikicho. Mtoto wa miaka mitatu husimama katikati ya sebule, akafunika uso kwa viganja, akaamini kwamba haonekani. Au hujibanza nyuma ya pazia, miguu yote miwili nje, na akiulizwa yuko wapi hujibu kwa sauti kubwa, "Nipo huku!" Watu wazima hucheka, na wana haki ya kucheka. Lakini mwaka 1980 John Flavell na wenzake wa Marekani waliamua kuwauliza watoto wenyewe. Mtoto akiwa amefumba macho aliulizwa, je, mimi ninakuona? Wengi kati ya wadogo walijibu hapana. Je, ninauona mkono wako? Walijibu ndiyo. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Mtoto hajasahau kwamba ana mwili, wala hadhani kwamba giza lake limeingia machoni mwa mwenzake. Watafiti waliofuata wameeleza kwamba kwa mtoto wa umri huo kuonana ni jambo la pande mbili, na macho yasipokutana, bado hatujaonana. Ni wazo lenye mantiki yake, na limejengwa na mtu ambaye hajafundishwa na yeyote.

Sasa mtazame baba anayezunguka sebuleni akijiuliza kwa sauti kama mtoto yuko chini ya meza, ndani ya kabati au kwenye debe la unga, huku miguu ya pazia ikitetemeka kwa kicheko. Mchezo huo unamlazimisha mtoto kushika mawazo mawili kwa wakati mmoja: ninachokijua mimi, na anachokidhani baba. Uwezo wa kutambua kwamba mwenzako anaweza kuamini jambo lisilo la kweli ni hatua kubwa ya akili, na ndio uliopimwa na Heinz Wimmer na Josef Perner mwaka 1983. Watoto walisimuliwa habari za mvulana aliyeiacha chokoleti yake kwenye kabati moja, na mama yake akaihamishia kabati jingine wakati yeye hayupo. Akirudi, ataitafuta wapi? Wadogo wa miaka mitatu husema ataitafuta pale ilipo sasa, kwa kuwa wao wanajua ilipo. Kuanzia miaka minne hivi na kuendelea, wanaanza kuelewa kwamba mvulana ataenda pale alipoiacha. Kombolela ya sebuleni, pamoja na baba anayejifanya haoni, ni mazoezi ya jambo hilohilo.

Lugha nayo ina mengi. Mtoto anayejifunza kuhesabu hufika kumi na nane, kumi na tisa, akapumua, akasema kumi na kumi. Hakuna mtu mzima asemaye hivyo, kwa hiyo hakuna alikoinukuu. Ameisikia kanuni iliyofichika kati ya kumi na moja na kumi na tisa, akaivusha mbele mahali ambapo wakubwa wameamua kuiacha. Anayesema ana majicho mawili na majino mengi ameshika utaratibu wa wingi na anasubiri tu kuambiwa maneno machache yanayoukaidi. Anayesema "jana tutaenda kwa bibi" ameelewa kwamba kuna leo na kuna siku zisizo leo. Kilichobaki ni kujua zipi zimepita na zipi zinakuja. Mwaka 1958 Jean Berko alilionyesha jambo hili kwa watoto wanaosema Kiingereza wa umri wa kuanzia miaka minne. Aliwachorea kiumbe asiyekuwepo duniani, akampa jina alilolibuni mwenyewe, kisha akawaonyesha wawili na kuwauliza ni nini hao. Watoto walitoa wingi wa neno ambalo hawakuwahi kulisikia maishani mwao. Walichokuwa nacho ni kanuni, kwa maana kukariri neno jipya kabisa hakuwezekani. Ndiyo sababu mtoto wa kumi na kumi anastahili kupokewa kwa furaha, aambiwe kwamba hiyo tunaiita ishirini, kisha aulizwe inayofuata ni ngapi. Anayekaripiwa hapo hujifunza kwamba kuhesabu kwa sauti kuna hatari.

Kisha yapo maswali. Michelle Chouinard, katika taarifa aliyoitoa mwaka 2007, alichambua mazungumzo yaliyorekodiwa kati ya watoto wanne na watu wazima wao, akakuta wastani wa maswali zaidi ya 70 ya kutafuta habari kwa kila saa ya mazungumzo. Mzazi aliyewahi kukaa ndani ya daladala na mtoto wa miaka minne hataona ajabu. Kwa nini konda hakai? Mwezi unatufuata mpaka nyumbani? Samaki akilia, machozi yake yanakwenda wapi? Kuku ana babu? Mwaka 2009 Brandy Frazier na wenzake walifuatilia kinachotokea baada ya mtoto kuuliza kwa nini. Akipewa maelezo, huyakubali au huuliza swali jipya linaloyafuata. Akipewa jibu lisiloeleza kitu, hurudia swali lilelile au hujitungia maelezo yake mwenyewe. Kwa hiyo ule mnyororo wa kwa nini unaowachosha wazazi wengi mara nyingi huonyesha kwamba mtoto hajajibiwa bado. Na maelezo ya kujitungia, kama yale kwamba mvua inanyesha kwa sababu mawingu yamebanwa mkojo, yana thamani kubwa: mtoto amechukua sababu anayoijua mwilini mwake na kuitumia kuelezea mbingu.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, linasema kwamba hizi ni habari za Wazungu. Kwetu mzazi hachezi na mtoto. Mtoto hucheza na watoto wenzake, mzazi hulea. Pingamizi hili lina ushahidi nyuma yake na si haki kulipuuza. Robert LeVine na wenzake walichunguza malezi ya Wagusii wa Kenya kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950, wakaona kwamba mama aliharakisha kumtuliza mtoto mchanga anayelia na alimweka karibu na mwili wake usiku na mchana, lakini hakumchekesha wala kumsemesha kwa msisimko kama mama wa Boston. Lengo lake lilikuwa mtoto mtulivu, mwenye afya, anayepona. Sara Harkness na Charles Super, waliofanya kazi Kokwet kwa Wakipsigis katika miaka ya 1970, walikutana na jambo jingine. Watoto walioweza kutunza wadogo zao na kutumwa bila kukosea walinyamaza kimya walipotakiwa na mtu mzima kusimulia upya hadithi fupi, ingawa kati yao wenyewe walizungumza bila shida. Walikuwa wamefunzwa kwamba mbele ya mkubwa mtu husikiliza. Na Mary Gauvain, Robert Munroe na Heidi Beebe, katika utafiti uliotolewa mwaka 2013 kuhusu watoto wa miaka mitatu hadi mitano wa jamii nne, wakiwemo Maragoli wa magharibi mwa Kenya, walikuta watoto wakiuliza nini na wapi kwa wingi, lakini kwa nini ikisikika mara chache sana kuliko kwa watoto wa Marekani.

Nayakubali yote hayo, na siyaoni kuwa upungufu wa wazee wetu. Lakini utafiti wa Wagusii ulimtazama zaidi mama na mtoto, na mama hakuwa peke yake nyumbani. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu ya mahusiano ya utani barani Afrika, akaeleza kwamba mahali pengi ukali na staha baina ya mzazi na mtoto huenda pamoja na ulegevu na mzaha baina ya babu na mjukuu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kitabu kulijua hilo. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, akamnunia kwa kuchelewa kurudi nyumbani, akamdai pesa ya sabuni. Babu humposa mjukuu wa kike, akaambiwa hana meno, akaapa kwamba yataota wakivuna mahindi. Mtoto wa miaka minne aliyelelewa hivyo alikuwa na mwalimu wa mzaha kila siku: mtu mzima anayesema jambo lisilo la kweli huku wote wawili wakijua si la kweli, na anayengoja ajibiwe. Mzazi aliweza kubaki na ukali wake kwa sababu utani ulikuwa na mwenyewe, tena mwenye ujuzi wa miaka mingi. Malezi yetu yaliugawa mzaha kwa zamu, hayakuunyima watoto.

Kilichobadilika ni nyumba. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilikuta wastani wa watu 3.9 katika kaya moja. Tanzania wastani ulikuwa 4.7 mwaka 2012 na 4.3 mwaka 2022. Wastani hauelezi kila kitu, ila kila anayeishi Dar es Salaam au Nairobi anajua picha iliyo nyuma yake: chumba na sebule, baba na mama wanaoondoka alfajiri, dada wa kazi ambaye mara nyingi bado ni msichana mdogo mwenye mzigo wa nyumba nzima, geti lililofungwa kwa hofu ya magari, na bibi aliyeko Songea au Kakamega. Wale waliokuwa wakimjibu mtoto mzaha wake wamebaki kijijini, na mzazi amechukua mjini ile sehemu ya ukali tu. Mtoto amebaki na mchekeshaji mmoja, yaani televisheni. Sisemi kwamba vipindi vyote ni vibaya. Akili and Me, kilichotengenezwa Tanzania kwa ajili ya watoto wadogo, kilifanyiwa utafiti Morogoro na Dina Borzekowski, na matokeo aliyoyatoa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto waliokitazama walisonga mbele katika mambo kama kuhesabu na kutambua maumbo. Hiyo ni kazi njema. Hata hivyo mhusika wa katuni humwuliza mtoto swali na kuendelea na safari yake jibu likiwa lolote lile. Mtoto akimjibu kwamba mbwa analia nyau, hatarudishiwa jogoo anayelia nyau.

Pingamizi la pili ni la nidhamu. Samaki mkunje angali mbichi, husemwa, na mzazi anayecheka na mtoto atapandwa kichwani. Mfano unaotolewa mara nyingi ni uongo: mtoto ana sukari midomoni hadi kidevuni, anaulizwa nani amekula, anasema ni paka. Ukicheka hapo, je, hujaubariki uongo? Nadhani tuanze kwa kuelewa kilichotokea. Kusema ni paka kunahitaji kujua kwamba mama hakuwepo, na kwamba mama anaweza kuaminishwa jambo lisilotokea; ni uwezo uleule wa chokoleti iliyohamishwa kabati. Kidevu chenye sukari kinaonyesha kwamba uwezo huo bado haujakomaa, kwani amesahau anachoweza kukiona mama. Si uhalifu, ingawa si jambo la kuachwa hivihivi. Swali ni lipi linamfundisha kusema kweli. Victoria Talwar na Kang Lee walipata nafasi adimu ya kulichunguza hilo katika nchi moja ya Afrika Magharibi, kwenye shule mbili za watoto wadogo, moja ikitumia viboko na adhabu kali, nyingine ikiwa haichapi. Watoto wa miaka mitatu na minne waliachwa chumbani na kitu cha kuchezea walichokatazwa kukichungulia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba wa shule ya viboko waliokichungulia walidanganya kwa wingi zaidi kuliko wenzao, na waliujua zaidi ufundi wa kuutetea uongo wao wanapobanwa. Kiboko kilikuwa kimewafundisha kudanganya vizuri.

Mzazi anaweza kutabasamu kwa habari ya paka, akamwambia mtoto kwamba sukari imebaki kidevuni, akampa kitambaa ajifute, na kopo likapandishwa juu ya kabati. Mpaka umewekwa, ukweli umesemwa, na mtoto hana sababu ya kumwogopa aliyemwambia. Wanaohofia kupandwa kichwani wanachanganya mambo mawili. Mtoto asiye na adabu ni yule asiyewekewa mpaka, na mpaka unaweza kuwekwa na mtu anayecheka. Mabibi wamekuwa wakifanya hivyo miaka yote, na wajukuu hawakukosa heshima kwao.

Pingamizi la tatu ni uchovu, na hili linanigusa kuliko mengine, kwa kuwa ni la kweli. Mtu aliyesimama saa mbili kwenye foleni ya Mbagala au Thika Road hana nguvu ya kuwa farasi sebuleni. Lakini mzaha wa mtoto hauombi muda wa nyongeza. Huja ndani ya shughuli ambazo lazima zifanyike, na mara nyingi huzirahisisha. Mtoto anayekataa kuoga atakubali kumwogesha simba aliyeingia beseni, na simba akishindwa kufumba macho povu lisiingie, mtoto atamfundisha namna ya kufumba. Mwaka 2017 Rachel White na wenzake walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka minne na sita walipewa kazi ya kuchosha huku wakiwa huru kuiacha na kwenda kucheza. Wale waliojifanya kuwa shujaa, kwa mfano Batman, walidumu na kazi hiyo muda mrefu zaidi kuliko waliobaki kuwa wao wenyewe. Lev Vygotsky alikuwa ameligusa jambo hili tangu mwaka 1933 aliposema kwamba mchezo wa kuigiza una sheria ndani yake. Anayeigiza mama hawezi kufanya apendavyo. Lazima afanye kama mama. Wachezao baba na mama uani, wakipika mchanga kwenye vifuniko vya chupa, hugombana vikali sana juu ya sheria: mtoto mchanga haruhusiwi kwenda kazini, na mgeni hali kabla ya kunawa. Hapo wanajifunza kujizuia, jambo ambalo walimu wa darasa la kwanza hulililia kila mwaka.

Kwa upande wa shule nitasema kidogo. Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania wa mwaka 2016 ulitaka mafunzo yatolewe kwa njia ya michezo, na madarasa ya awali ya Kenya, PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka minne na mitano, yamejengwa juu ya mwelekeo huohuo. Wanaodai kurasa tatu za kuandika a, e, i, o, u kila jioni mara nyingi ni sisi wazazi, na shule binafsi hututii kwa sababu tunalipa.

Limebaki suala la simu. Vioja vya watoto sasa hurekodiwa na kurushwa, na mtoto aliyekosea jina la waziri au aliyelia kwa sababu ndizi imekatika hutazamwa na watu wengi asiowajua. Hapa furaha ninayoitetea inaweza kugeuka kitu kingine. Umri uleule ambao mtoto anaanza kuelewa kwamba wengine wana mawazo yao, anaanza pia kuelewa kwamba wana mawazo juu yake, na aibu huingia kwa mlango huo. Mzaha wa Chukovsky ulikuwa wa watu wawili, na mtoto ndiye aliyeuanzisha. Machozi ya ndizi hayakuwa mzaha kwake hata kidogo. Kuyarekodi badala ya kuyajibu ni kumwambia kwamba huzuni yake ni maonyesho. Simu hiyohiyo ina matumizi bora, tena ya bei nafuu. Bibi yuko Songea, ana bando au anaweza kupigiwa, na hajasahau kazi yake. Aachiwe mjukuu dakika kumi jioni, amdai mahari aliyochelewesha, aambiwe kwamba mume ana kuku wawili tu na mmoja ameliwa Jumapili, aulize basi ni nani aliyekula mahari yake bila ruhusa. Mzazi akae karibu asikilize namna bibi anavyojibu, kwa sababu simu ikikatika mtoto atamgeukia yeye na kuendelea palepale.